Kiwanja Kilichopigiwa Makofi ya Hewani

Wadogo zangu mlionifuata pale sokoni Mchikichini ninapouza nguo mkaniuliza, "Dada, hivi ile kazi ya kutafsiri kwa mikono ikoje?" niliwajibu ovyo. Mteja alikuwa ananing'ang'ania gauni huku analiponda, na mimi mtu akiponda mzigo wangu akili hunihama. Sasa nimetulia. Mtoto wangu wa pili ananyonya hapa mapajani, mkono mmoja uko huru, basi nawaandikia.

Kwanza jueni kwamba mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu kama wazee wa bandarini wanavyostaafu, ila mimi hakuna aliyenipigia hotuba wala kunipa saa ya ukutani. Nilikuwa mkalimani wa lugha ya alama kwenye kitengo cha viziwi cha shule moja ya msingi hapa Kariakoo. Jina la shule siwaambii, mimi na mwalimu mkuu siku hizi tunasalimiana vizuri na sitaki kuharibu.

Sikuisomea. Mimi ni wa kidato cha nne, cheti changu mama alikiweka chini ya godoro kwa aibu. Mwanangu wa kwanza, Nasra, alishikwa na homa kali kabla hajajua kusema "maji", na ilipoisha iliondoka na masikio yake. Nilipompeleka kitengo akawa ananililia kila nikigeuka, nikaambiwa nikae nyuma ya darasa mpaka azoee. Yeye alizoea. Mimi ndiye nikakataa kuondoka. Niliona watoto wanasimuliana, wanataniana, wanasengenyana, na kimya chote kile kina makelele kuliko Mtaa wa Kongo siku ya sikukuu. Nikawa najifunza pamoja nao. Siku moja mwalimu akanisimamia kichwani.

"Mama Nasra, uji wetu unakunywa kila siku. Kazi utaanza lini?"

Huyo ndiye Mwalimu Mlay, mama wa Kilimanjaro, mwalimu wa kitengo. Mungu alimpa sauti kama kengele ya kanisa, halafu akampeleka kufundisha watoto ambao hawaisikii. Yeye ndiye aliyenipika.

Somo la kwanza nililipata kabla sijakaa. Nilikuja na dera la maua makubwa, nimependeza kweli, nikaanza kutafsiri hadithi ya sungura. Watoto wakawa wananiangalia kama watu wanaotafuta sindano. Mwishowe binti mmoja akaniambia, "Mama, mikono yako imepotea bustanini." Toka siku hiyo nguo ya rangi moja, wadogo zangu, na iwe tofauti na ngozi yako. Kucha za kubandika ziache nyumbani. Usisimame dirisha likiwa nyuma yako, utageuka kivuli. Bigijii usitafune, maana uso nao unaongea, na mtoto atadhani unasema kitu kila ukitafuna. Kuwaita, zima na washa taa. Umeme ukikatika, piga mguu sakafuni, watausikia kwa nyayo.

Somo la pili lilikuwa la kiti. Mkalimani ana kiti chake, au mahali pake pa kusimama, na Mwalimu Mlay alikuwa mkali napo kuliko padri na madhabahu yake.

"Hapa hapana maoni," aliniambia. "Ukishakaa hapa wewe ni bomba. Maji yakiwa machungu, bomba halikunji uso."

Mimi, mtu wa hasira! Watoto wenyewe, ambao humpa kila mtu jina la mkono kwa jinsi walivyomwona, mimi walinipa vidole viwili puani vinavyotanuka. Yaani Pua. Kwa sababu nikikasirika pua inafunguka kama geti.

Lakini nilijaribu. Siku ya wazazi alikuja Bwana Jayanti, mwenye duka la taa, Mhindi wetu wa hapa hapa mjini anayeongea Kiswahili mbio kuliko sisi. Mwanawe Kiran ndiye alikuwa golikipa wa kitengo. Bwana Jayanti akasema, "Huyu akifaulu nitamnunulia baiskeli, lakini usimwambie." Mikono yangu ilishamwambia. Tena na hilo la "usimwambie" nikamwambia. Kiran akaruka mpaka juu ya dawati.

"Wewe mama! Nimesema usimwambie!"

"Mzee, kila linalotoka kwako linapita. Ukitaka siri, funga mdomo."

"Sasa asipofaulu?"

Nikatafsiri na hilo. Kiran akamjibu babaye, "Baiskeli iwe nyekundu." Duka zima la taa likashindwa na mtoto mmoja.

Basi, sasa niwaambie kuhusu nyumba yetu. Kitengo kilikuwa kwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili pembeni ya uwanja wa shule: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Nje ya dirisha walikuwepo wauza mashuka na spika zao, "Shuka mbili bei ya moja, wahi wahi mama!" toka asubuhi mpaka jioni. Madarasa mengine ya shule yalikuwa yanakufa na kelele hizo. Sisi tulikuwa darasa pekee Kariakoo nzima ambalo wauza mashuka hawakuweza kulisumbua. Aliyekuwa anaumwa kichwa ni mimi.

Na mnaijua Kariakoo. Unalala jirani yako ana nyumba, unaamka ana shimo, ukirudi kutoka likizo ana ghorofa. Siku moja akapita kijana na kopo la rangi, akachora X kubwa nyekundu ukutani kwetu, akaenda zake. Watu wazima wote tuliielewa ile X. Inabomolewa. Watoto wakaizunguka, wakaishangaa, mwisho Nasra akaja kunivuta sketi.

"Mama, nyumba imekosea nini?"

Sikumwelewa. Akanionyesha daftari lake la hesabu, pale mwalimu alipomwekea X nyekundu. Wao walidhani mtu amekuja kusahihisha nyumba, na nyumba imekosa swali. Kiran akashauri tuifute tujibu upya.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu pua ikafunguka. Nikamwambia Mwalimu Mlay naenda kwenye hiyo ofisi iliyotuma rangi, nikawapake na wao. Akanishika mkono.

"Watakuja wenyewe. Kuna mkutano. Na wewe utatafsiri, kwa hiyo weka hasira zako kwenye mkoba."

Mkutano ukafanyika uwanjani, pale vumbini watoto wanapochezea mpira. Wazazi, wafanyabiashara, mwenyekiti wa mtaa, mama ntilie na sufuria zao, na afisa wa mipango miji kutoka ofisi husika, mwanamume mnene mpole mwenye shati lililomzidi nguvu kifungo cha tumboni. Watoto wetu walikaa mbele. Mimi nikasimama mahali pangu, gauni jeusi, hasira mkobani.

Hapa sikilizeni vizuri, ndipo kazi hii inapochezea watu. Mimi nilijiandaa kusikia "nyumba" na "kubomoa". Alama zake nilizifanyia mazoezi usiku wa kuamkia mkutano mpaka nikalala nazo. Lakini maafisa wana adabu yao, hawasemi kubomoa. Yule bwana hakutaja nyumba hata mara moja. Alinyoosha mkono kuelekea uwanjani akasema, "Ndugu wananchi, tumewaletea habari njema. Kiwanja hiki ni kikubwa. Kiwanja hiki kina thamani. Kiwanja hiki kinakwenda kuendelezwa, kiwe cha kisasa!"

Kiwanja. Mnaona? Kwa mdomo ni neno moja. Kwa mikono ni mawili: kiwanja cha kujenga unachora mipaka minne, kiwanja cha mpira unapiga teke kwa vidole. Mtafsiri hana muda wa kumuuliza mtu, "Samahani, kipi?" Afisa kanyoosha mkono kwenye vumbi la mpira, mimi vidole vyangu vikapiga teke. Kiwanja cha mpira. Kikubwa. Kitakuwa kipya, cha kisasa.

Jamani, wale watoto walilipuka! Viziwi hawapigi makofi kwa kugonganisha viganja, maana nani atayasikia? Wanainua mikono juu, vidole wazi, wanaitikisa. Makofi ya hewani. Basi mikono yote ikapanda, inatetemeka kama majani, Kiran kasimama juu ya benchi anadaka mipira isiyokuwepo.

Wenye masikio wao wakaona nini? Waliona watoto wa kitengo wameinua mikono na kuitikisa mbele ya afisa, kama mtu anayesema hapana, hatutaki. Nyuma, mama ntilie mmoja akaangusha mwiko.

"Wamekataa! Watoto wamekataa! Oneni mikono!"

"Wamekataa!" likapokelewa. "Na sisi hatutaki!"

Uwanja mzima ukainua mikono. Wauza mashuka, wazazi, wabeba mizigo waliokuwa wanapita tu, hata wasiojua kinachokataliwa, wote mikono juu wanaitikisa. Na sasa watoto wakageuka nyuma. Hapo nilitamani mngekuwepo. Toka wazaliwe hawajawahi kuona mtu mwenye masikio akipiga makofi ya kwao, na leo Kariakoo nzima inapiga! Wakachanganyikiwa kwa furaha. Wakazidi kutikisa. Watu walipoona watoto wanazidi, na wao wakazidi. Mwenyekiti wa mtaa, mtu wa kwenda na upepo, akainua mkono mmoja, akaangalia huku na huku, akainua wa pili.

Kifungo cha afisa kikaruka. Naapa.

"Tumesikia," akasema, anajishika tumbo. "Maoni yenu tumeyasikia kwa nguvu sana. Mkutano umeahirishwa."

Mwalimu Mlay alinivuta mpaka kitengoni. "Umewaambia nini watoto?" Nikamwambia. Akaniangalia. Uso wake ukashikilia, ukashikilia, halafu kengele ya kanisa ikapasuka, akacheka ameegemea X ya ukutani mpaka chokaa ikamshika mgongoni. Nami nikacheka, tunashikana tusianguke.

Kisha akajifuta macho. "Haya. Na watoto wanadhani wamepata uwanja wa mpira. Nani atawaambia?"

Niliwaambia mimi. Nilichora ile mipaka minne hewani, nikaonyesha nyumba, nikaonyesha inaanguka. Kiran alivua glavu zake akazikunja vizuri, moja juu ya nyingine, akazitia begini. Siku hiyo hakuna aliyemsengenya mtu.

Nawaambia hili ili mjifunze kudai. Kabla ya mkutano wowote, mwendee msemaji umuulize atasema nini, na kila neno lenye maana mbili mbane. Akikasirika, akasirike. Kuulizauliza si ujinga.

Afisa akarudi, safari hii darasani, hakutaka tena uwanja. Mwalimu mkuu, wazazi wachache, watoto. Shati jipya. Nikamfuata mlangoni, nikamwamkia shikamoo, nikamwuliza, "Leo kiwanja ni kipi?" Akacheka kwa haya. "Marahaba, mama. Leo sitaji kiwanja."

Kweli hakutaja. Alikuja na jambo zuri zaidi, na hilo zuri ndilo lililonichoma. Akasema wamefikiri upya kwa huruma. Watoto hawa wanatoka mbali, Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto, wanaamka gizani. Sera nzuri ni mtoto asome jirani na nyumbani. Kwa hiyo nyumba hii ikipisha jengo, kila mtoto atapelekwa shule ya mtaani kwake, karibu na mama yake, atembee kwa miguu.

Wazazi wengine wakaitikia kwa vichwa, wamependa. Ni maneno matamu kweli. Mimi natafsiri, bomba, uso haukunjiki.

Nasra akanyoosha mkono. Mtoto wangu, na mimi ndiye sauti yake. Akiuliza kwa mikono, mimi nasema kwa mdomo, tena nasema "mimi" nikimaanisha yeye.

"Huko jirani na nyumbani," nikasema kwa ajili yake, "kuna mtu wa kuongea na mimi?"

Afisa akainama, akamwangalia kwa upole wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli. "Utazoea, binti. Watoto huzoea haraka. Utakaa dawati la mbele, utamwangalia mwalimu mdomo."

Ilibidi nitafsiri.

Wadogo zangu, alama ya "utazoea" naijua. Nimeionyesha mara nyingi, kwa wagonjwa, kwa wageni, kwa uji usio na sukari. Mikono yangu ilipanda mpaka kifuani ikagoma. Nasra ananitazama, anangoja. Sisi mtaani kwetu tuna nyumba nyingi na watoto wengi, na hakuna hata mmoja anayejua kumwambia mwanangu "njoo tucheze". Wanamwita bubu. Maneno yake yote yako kwenye ile nyumba yenye X. Na sasa nimwambie mimi, mama yake, kwa mikono yangu hii, kwamba atazoea?

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kumwonyesha "ndiyo, wapo wengi", afisa asijue. Lakini bomba linalodanganya si bomba tena.

"Mwalimu," nikasema, "naomba unipokee."

Mwalimu Mlay alielewa kabla sijamaliza. Akanyanyuka, akasimama mahali pangu, akamtafsiria Nasra jibu la afisa kama lilivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi nikaenda nikasimama upande wa wazazi, pua wazi.

"Bwana Afisa, sasa mimi ni Mama Nasra, siyo mkalimani. Nisikilize."

"Nakusikiliza, mama."

"Mtu akitaka kitenge mji huu anaenda wapi?"

"Kariakoo."

"Spea ya bodaboda?"

"Kariakoo."

"Harusi, msiba, mbegu, kufuli, anaenda wapi? Mbona hamjamwambia mwenye duka la vitenge ahamie jirani na kila mteja? Kwa sababu magari yote yanakuja hapa! Mtoto kiziwi yuko mmoja Mbagala, mmoja Kimara, mmoja Gongo la Mboto. Ukimwacha kila mtu kwao umempa shule, watu umemnyima. Hapa katikati ndipo karibu na wote. Anaamka gizani? Anayemwamsha ni mimi! Anakuja anasinzia, akifika kwenye lile geti anaamka, kwa sababu ndani kuna wa kumjibu. Mdomo wa mwalimu! Hebu ziba masikio, nikutukane, uniambie nimesema nini!"

Bwana Jayanti akasema polepole, "Mama, taratibu."

"Taratibu iko wapi, mzee? Ghorofa jengeni. Mimi napenda ghorofa, refu mpaka lione bahari. Nipeni vyumba vya chini, vyenye taa na madirisha ya ubavuni, muweke maduka yenu mbele. Duka na darasa vitagombana nini? Hawa hata spika zenu hawazisikii! Nyie ndio wapangaji wenye bahati kuliko wote!"

Hapo afisa akacheka, akashindwa kujizuia, na wazazi wakacheka. Kisha nikamalizia na neno moja chafu ambalo siliandiki hapa kwa sababu ya mtoto anayenyonya.

Afisa akajifuta paji la uso. "Hili la magari, mama," akasema, "kwa kweli sikulifikiria hivyo."

Haikuisha siku ile, msidanganyike. Tulikwenda na kurudi ofisini mpaka mlinzi akawa anamuuliza Nasra habari kwa mkono, kajifunza mwenyewe. Nyumba ya zamani ilibomolewa, niliilia. Lakini ghorofa lilipopanda, chini yake ubavuni kuna vyumba vya kitengo, taa zake zinazimika na kuwaka kumwita mtu, na duka la mashuka liko upande wa pili wa ukuta linapiga kelele bure.

Mimi sikurudi mahali pale pa kusimama. Mwalimu Mlay aliniambia bila kunizungusha: "Ukishatoa maoni yako mbele ya watu, hakuna afisa atakayeiamini mikono yako tena. Sasa wewe ni mzazi. Kaa na wazazi, uwasumbue." Ndiyo kustaafu kwangu. Nafasi iko wazi, wadogo zangu, nendeni. Mkifika siku mikono imegoma, msiilazimishe na msidanganye. Omba mtu akupokee, uvuke upande wa pili, ukaseme la kwako.

Siku ile ya maneno tulitembea kwa miguu kufuata daladala, mimi na Nasra, tukakatiza Mnazi Mmoja. Nilikuwa nangoja mwanangu aniambie nilikuwa shujaa. Akasimama, akaniweka sawa nimwone vizuri, mwanga usoni kwake.

"Mama, umeongea sana. Mwalimu Mlay ametokwa jasho kukutafsiri."

"Samahani."

"Na lile neno la mwisho amekataa kulitafsiri. Amesema nikuulize wewe. Linaonyeshwaje?"

Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Watu walikuwa wanapita, kila mtu na mzigo wake. Nikamwonyesha.